Sitaki Maelezo, Nataka Umeme

Nguzo yenyewe ukiiona utaidharau. Imesimama kwenye maegesho ya jengo letu huku kaskazini, inakufika kiunoni, imepakwa rangi ya kijivu, ina soketi mbili, saa ya kuzungusha kwa kidole na taa nyekundu isiyozidi punje ya dengu. Inahudumia magari mawili: langu, nafasi ya tano, na la yeyote aliyepangiwa nafasi ya sita. Jioni unachomeka waya wa gari na kutegesha saa, na alfajiri, wewe ukiwa bado unakoroma, umeme unaanza kuipasha injini. Taa ikiwaka, mambo safi. Taa ikizimika, na nje ni nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, oili imeshakuwa ugali na injini haigeuki hata uipigie magoti.

Januari ile taa ilizimika, ikazimika tena, na mimi nikakaribia kupasuka.

Gari langu naliita Mzee. Ni dizeli ya jeshi ya mwaka sabini na nane, ya kupita porini, milango yake haifungi sawasawa na injini yake ni kubwa mno, imefungwa vipasha joto viwili tumboni badala ya kimoja. Watu hunicheka. Lakini mimi ni muuguzi wa kuwazungukia wazee majumbani, na vigari vyeupe vya manispaa haviaminiki kwenye njia ya Bibi Senja kuanzia Desemba hadi Aprili. Mzee haulizi mwezi gani.

Bibi Senja anaishi peke yake kando ya ziwa, kilomita thelathini na moja kutoka kwetu, tisa za mwisho zikiwa njia ya magogo, ile ya msituni ya malori ya kusomba miti. Ana miaka themanini na minne na macho yamebaki ya kutofautisha dirisha na ukuta. Kila kitu anajifanyia mwenyewe isipokuwa kimoja: sindano ya sukari ya asubuhi, kwa sababu hawezi kusoma namba za kipimo. Saa mbili kamili nampima na kumchoma, kisha anakula uji wake wa shayiri. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitatu, na hiyo tu ndiyo sababu alikuwa bado kwake na si katika wodi ya wazee mjini, mahali anapopaita stoo.

Basi. Jumanne ya pili ya Januari natoka saa kumi na mbili na nusu, taa ya nguzo imezima. Mzee akatoa mlio mmoja wa tumbo na kunyamaza. Nikahangaika, nikashuka kwenye chumba cha chini cha jengo lenye ubao wa umeme, nikakuta fyuzi ya nguzo yetu imeungua. Nikaazima moja ya nguzo ya jirani, nikasubiri, nikaondoka. Kwa Bibi Senja nilifika saa tatu na dakika kumi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza na midomo imekauka.

Sikuhitaji kuumiza kichwa kutafuta mkosaji. Wiki ileile nafasi ya sita ilikuwa imepata mtu mpya, mwanamume wa makamo, mrefu, kofia imeshuka hadi nyusi, hajawahi kuniambia hata habari ya asubuhi. Sikumlaumu kwa hilo, maana mimi pia sikuwa nimemwambia. Lakini fyuzi ni moja kwa magari mawili, nguzo ilikuwa ikifanya kazi vizuri tangu mwaka sabini na nne, na bwana huyu alipokuja tu fyuzi ikaungua. Mtoto wa chekechea angejumlisha.

Nikafanya kama anavyofanya mtu mstaarabu katika jengo letu. Nikaandika karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuibandika kwenye nguzo.

"Mwenye nafasi ya sita. Fyuzi ni moja. Ondoa hita yako ya ndani ya gari. Mimi ni muuguzi, wapo wanaonitegemea. Nafasi ya tano."

Kesho yake nikakuta jibu, limeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huganda.

"Sina hita ya ndani. Naomba tuongee. Oiva Palokangas, mlango B, chumba 3."

Tuongee! Nilisoma neno lile mara mbili. Nimeishi katika jengo lile miaka kumi na tisa. Tumegombana humo kuhusu zamu za bafu ya mvuke ya sauna, mazulia ya kukung'utwa, mbwa na mbegu za ndege, na ugomvi wote umekwenda kwa karatasi, bila mtu kumgongea mwenzake mlango. Mtu anayetaka kuongea ana la kuficha, au anataka kukuzungusha kwa maneno mpaka usahau ulichokasirikia. Nikageuza karatasi yake na kuandika nyuma yake kwa herufi kubwa:

"SITAKI MAELEZO. NATAKA UMEME."

Hakujibu. Na nikiri kwamba kwa siku kadhaa mambo yalitulia. Mzee aliwaka kila asubuhi, kwa kukohoakohoa lakini aliwaka, na ndani kulikuwa na joto la kuvua glavu. Oktoba shemeji yangu Reijo alikuwa amenifungia kihita chenye feni chini ya kiti cha mbele, zawadi ya kutimiza miaka hamsini, kimeungwa kwenye waya uleule wa injini ili nisihangaike na plagi mbili.

"Kuna kitufe, shemeji," aliniambia. "Ukiweka moja, vuguvugu. Ukiweka mbili, sauna. Usije ukavua nguo barabarani tu."

Baridi ilipokaza baada ya mwaka mpya niliweka mbili, kama mtu yeyote mwenye akili.

Kilichoniudhi katika siku zile za utulivu ni gari la bwana Oiva. Halikutoka. Lilisimama palepale limefunikwa na theluji mpaka vioo vikapotea, waya wake umezungushwa kwenye kioo cha pembeni, halikuchomekwa kabisa. Yaani mtu anashika nafasi yenye umeme, watu wanaisubiri kwa orodha, halafu hata kulifagia hataki. Nilikuwa nikipita pale nasonya kila asubuhi.

Jumatatu ya wiki iliyofuata taa ikazima tena. Chini, kwenye ubao, fyuzi imeungua. Nilifika kwa Bibi Senja saa tatu na nusu, nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya banda la kuni, ameanguka, goti limechubuka, na sukari imepanda kupita uwezo wa kipimo, hadi kikawa kinanionyesha herufi badala ya namba.

"Nilikwenda kukusikiliza barabarani," akasema. "Mzee wako anasikika kutoka ng'ambo ya ziwa. Leo nikasikia kunguru tu."

"Bibi, ungebaki ndani."

"Na wewe ungekuja saa mbili. Kila mtu ana lake."

Jambo hilo sikuweza kulificha, goti lilipaswa kuandikwa. Pirjo, mkuu wetu, aliniita ofisini mchana. Si mtu mbaya. Ana sauti ya kusoma taarifa ya habari na anakunja vipande vya karatasi akiwa anawaza.

"Mara mbili ndani ya siku saba, Taimi."

"Ni jirani. Anaunguza fyuzi."

"Umeongea naye?"

"Nimemwandikia."

Akakunja kipande kingine. "Mimi siwezi kumweka kipofu wa miaka themanini na minne kwenye fyuzi ya jirani yako. Ikitokea mara nyingine kabla ya Jumatatu, Jumatatu namwombea kitanda mjini. Nenda ukamwambie mwenyewe, asije akasikia kwa wengine."

Nikaenda kumwambia. Bibi Senja alisikiliza huku akimenya viazi kwa vidole.

"Kitanda cha dirishani au cha ukutani?"

"Bado haijawa, Bibi. Ni kama nikichelewa tena."

"Basi naanza kufunga mizigo. Nakujua wewe." Alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. "Huko stoo, Taimi, hawakuachii uwashe jiko. Niliuliza. Hawakuachii hata kushika kiberiti."

Nikarudi nyumbani nikiwa namchukia Oiva Palokangas kwa moyo wangu wote. Niliandika karatasi tatu na kuzichana, kwa sababu maneno yaliyokuwa yakinijia hayabandikwi mahali wanapopita watoto. Mwishowe nikaamua kumfumania.

Ijumaa saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa dirishani jikoni, taa nimezima, kikombe cha kahawa mkononi. Nje nyuzi thelathini na saba. Taa ya nguzo ilikuwa imezima. Nilikuwa nimetegesha saa ianze saa kumi na moja, kwa hiyo ilipaswa kuwaka.

Saa kumi na mbili kasoro robo akatokea mlango B, kofia nyusini, tochi kichwani. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akainama, akaitazama. Kisha akashuka kwenye chumba cha chini kama mtu anayejua njia. Baada ya dakika moja taa ya nguzo ikawaka, naye akatoka na kwenda kusimama nyuma ya banda la takataka.

Nikasema, nimempata. Anauchezea umeme wangu kwa mkono wake mwenyewe.

Kuvaa katika baridi ile hakuna haraka hata ukiwa na hasira, kwa hiyo nilivaa suruali mbili, koti, viatu vya manyoya, skafu, na kila kifungo nilichofunga kiliniongezea maneno. Nilipofika nyuma ya banda alikuwa bado amesimama, ameegemea kigari cha kuteleza chenye vyuma viwili chini, cha kusukuma kwa mguu juu ya theluji, anaitazama nguzo yangu.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza. Ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake.

"Nasubiri iungue," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Iungue nini?"

"Fyuzi. Nimeiweka mpya sasa hivi. Jana ilichukua dakika ishirini na mbili. Nataka kujua leo."

"Kaka, wewe ndiye unayeiunguza."

Alielekeza tochi yake kwenye gari la nafasi ya sita, lile tuta la theluji, na waya uliozungushwa kwenye kioo. Kisha akaizima tochi ili asipoteze betri. Tukasimama. Mtu angepita angedhani tunangoja mazishi. Mvuke wa pumzi yangu uliganda kwenye skafu na ndani ya kichwa changu maneno yote niliyokuja nayo yakaanza kukosa pa kukaa.

"Hujalichomeka tangu lini?" nikauliza.

"Tangu karatasi yako ya pili."

"Na kazini unakwenda na nini?"

Akakipiga kigari chake teke dogo. Anafanya kazi kwenye mtambo wa kuchoma vibanzi vya mbao, kilomita sita.

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili jioni hadi Jumatatu, nilikuwa kwa mama yangu. Asubuhi hiyo sikuweka fyuzi."

Jumatatu. Siku ya goti. Asubuhi zote nyingine, zile nilizoziita za utulivu, ni huyu aliyekuwa akishuka kwenye ubao kabla sijaamka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliandika tuongee."

"Ungegonga mlango!"

"Uliandika hutaki maelezo," akasema, bila hasira hata kidogo. "Uliandika unataka umeme. Umeme ndio ninaokupa."

Taa ikazima mbele ya macho yetu. Akasogeza glavu na kutazama saa. "Ishirini na moja," akasema. "Baridi ikikaza huwa naweka ya pili, lakini hiyo ilikuwa ya mwisho. Duka linafunguliwa saa tatu. Dada, samahani, una nini ndani ya hilo gari?"

Nilitaka kusema sina kitu. Nikafungua mlango wa Mzee, na joto la kiti likanipiga usoni, zuri, la kujikunyata. Chini ya kiti kitufe kilikuwa kwenye mbili. Oiva aliinama, akamulika, akahesabu kimya kimya kwa midomo: vipasha viwili vya injini, kihita, feni. Ningefurahi kama angenitukana.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Injini ilikuwa imepata vijidakika vyake tu, na nilipojaribu ufunguo Mzee alizunguka nusu mzunguko akakwama.

"Chomoa hicho cha kiti," Oiva akasema. "Nakaa ghorofa ya chini, dirisha la jikoni linaelekea huku. Nitaleta waya kutoka ndani kwangu. Itataka karibu saa nzima."

Kuvuta waya na kusubiri saa nzima kulikuwa na maana ya kuondoka saa moja na nusu. Njia ile wakati wa baridi ni dakika hamsini. Nilimpigia Pirjo. Sijawahi kupiga simu iliyo nzito kama hiyo.

"Nitachelewa. Nenda wewe kwa Bibi Senja. Tafadhali."

"Naenda," akasema. Hakutaja Jumatatu, hakuwa na haja.

Oiva alifungua dirisha lake katikati ya baridi ile, akapitisha waya, akaziba upenyo kwa mto wa kitandani. Tulikaa jikoni kwake tukisubiri, jiko linahangaika na hewa ya nje, tukanywa kahawa. Alikuwa amechelewa kazini kwa ajili yangu. Kwenye kopo dirishani kulikuwa na fyuzi zilizoungua, kumi na moja. Nikaziangalia, kisha nikaangalia pengine.

Saa moja na nusu Mzee aliwaka. Niliendesha nikiwa nimekalia kiti kama kipande cha ziwa lililoganda.

Kwenye njia ya magogo, kilomita mbili kabla ya kufika, nilikuta kigari cheupe cha manispaa kimezama kwenye theluji mpaka taa, na mbele yake Pirjo anatembea na mkoba wa dawa kifuani. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Akapanda bila salamu, akajikunja, akapapasa chini ya kiti.

"Si ulisema una kihita hapa?"

"Nimekichomoa."

"Katika baridi hii? Kwa nini?"

Jibu la jirani lilikuwa tayari mdomoni, nilishalitumia mara nyingi kiasi kwamba lilijua njia lenyewe. Pirjo mwenyewe alikuwa akilisubiri. Nikakaza macho barabarani.

"Ni mimi," nikasema. "Jirani hajaunguza hata fyuzi moja. Fyuzi haiwezi kubeba kihita na injini pamoja. Nilikuwa napasha kiti changu."

Pirjo akawa anajifuta barafu kwenye nyusi mpaka tulipoingia uani.

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Bibi Senja alikuwa ameketi mezani, mkono wa blauzi ameshaukunja, koti la kutokea limewekwa begani, na mlangoni kuna begi lililofungwa kwa kamba. Nikampima. Imepanda, lakini bado namba, si herufi. Nikamchoma. Pirjo akiwa amesimama dirishani akaniambia nieleze tena, mbele ya mwenyewe, kwa sababu ni maisha yake yanayozungumzwa. Nikaeleza. Sikuruka kitu, hata zile karatasi.

Bibi Senja aliteremsha mkono wa blauzi polepole.

"Ngoja nielewe," akasema. "Wiki nzima nalala siwezi kulala. Nimeaga jiko. Nimeaga ziwa. Nimefunga begi kwa kupapasa, hata sijui nimetia nini. Yote hayo kwa ajili ya makalio yako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na huyo maskini anatembea."

"Ndiyo."

"Kwa karatasi," akasema. "Unamwandikia mtu unayemwona dirishani. Mimi kipofu ningemfahamu zamani."

Nililia, nikiwa bado nimeshika sindano tupu. Sikujificha. Pirjo alikuwa akikunja kitu mfukoni, nadhani risiti.

"Jirani mwenye kiburi nisingekuwa na dawa yake," akasema mwishowe. "Kitufe kina dawa. Na hii njia nimeiona leo kwa miguu yangu, hakuna gari letu jingine litakalofika. Jumatatu sitaomba kitanda. Tutaangalia mpaka Pasaka. Lakini ukichelewa tena, Taimi, sitakupa nafasi ya kunisimulia."

"Sina la kusimulia," nikasema.

Bibi Senja aliniamuru nifungue begi na kurudisha kila kitu mahali pake, yeye akila uji na kunisahihisha. Birika, ndoano. Shali, msumari wa pili, si wa tatu. Kiberiti alikuwa amekificha ndani ya soksi. Chini kabisa kulikuwa na ngozi ya kulungu wa kufugwa, nene, yenye manyoya yake yote.

"Hiyo iache nje," akasema. "Baba yangu aliikalia miaka arobaini kwenye kigari cha kukokotwa juu ya theluji, na hakupasha kiti wala hakumkosesha mtu usingizi. Kaikalie. Haitaki fyuzi."

Jioni ile nilipita dukani nikanunua boksi la fyuzi. Nilifagia theluji kwenye gari la nafasi ya sita mpaka rangi yake ikaonekana, kumbe ni la bluu, nikakunjua waya wake na kuuchomeka. Kisha nikaenda mlango B, chumba cha tatu, nikasimama pale muda mrefu kuliko nitakavyokiri, nikagonga. Oiva alifungua, akaitazama mikono yangu yote miwili.

"Umeleta karatasi?"

"Hapana," nikasema. "Nimekuja kuomba radhi kwa mdomo."

Akasogea pembeni nipite.